Logi za Kanzidata: Ipi Ifutwe, Ipi Isiguswe

Mtaalamu, diski ya seva yetu ya PostgreSQL (programu ya kanzidata) imejaa, na folda ya pg_wal ndiyo iliyomeza nafasi kubwa. Nifute faili za zamani?

Tafadhali, usiguse hata moja. Kanzidata huandika humo kila badiliko kabla ya kuligusa jedwali lenyewe. Umeme ukikatika, humo ndimo inamojinusuru. Ukizifuta, seva inaweza isiwake tena. Zamani folda hiyo iliitwa pg_xlog, na wengi wakaifuta wakidhani ni logi za kawaida, hadi toleo la 10 la mwaka 2017 likaibadilisha jina.

Tafuta kinachozizuia zisisafishwe zenyewe. Angalia kwanza pg_replication_slots, orodha ya seva zinazopokea nakala: huenda kuna seva pacha iliyozimwa siku nyingi, na seva kuu bado inaitunzia mabadiliko yake. Kama pacha huyo harudi, ondoa jina lake kwenye orodha hiyo kwa pg_drop_replication_slot. Kisha hakikisha archive_command, amri inayonakili faili hizo kwenye hifadhi, haishindwi. Kuanzia toleo la 13, max_slot_wal_keep_size hukuwekea kikomo cha faili zinazotunziwa pacha. Iweke leo hii.

Nimefuta kwa rm (amri ya Linux ya kufuta faili) logi kubwa ya maulizo yanayochelewa kwenye MySQL, kanzidata yetu nyingine, lakini df, amri ya kupima nafasi ya diski, inaonyesha diski bado imejaa. Kwa nini?

Kwa sababu MySQL bado imeifungua. Linux hairudishi nafasi mpaka programu iachie faili. Amri ya lsof +L1 itakuonyesha faili zilizofutwa ambazo bado zimefunguliwa. Toa FLUSH SLOW LOGS, nafasi itarudi bila kuzima seva. Ukitumia logrotate, programu ya kuzungusha logi (kufungua mpya na kuondoa za zamani), weka amri hiyo hiyo kwenye postrotate, sehemu inayotekelezwa baada ya kuzungusha. Mimi siipendi copytruncate, njia ya kunakili logi kisha kuikata ya awali: kati ya kunakili na kukata, mistari inaweza kupotea.

PostgreSQL inaweza kuzungusha logi bila logrotate?

Inaweza, ukiwasha logging_collector, mpangilio wa kukusanya logi kwenye faili. Kwa kawaida hufungua faili mpya kila saa 24 au ikifika MB 10, ila za zamani haizifuti. Ukitaka za wiki moja tu, log_filename iwe postgresql-%a.log (%a ni jina la siku), log_truncate_on_rotation iwe on, na log_rotation_size iwe 0. Jumatatu mpya itaifuta Jumatatu iliyopita.

Binlogi za MySQL, yaani logi za mabadiliko ya data, nizitunze muda gani?

Toleo la 8.0 kwa kawaida huzitunza siku 30, yaani sekunde 2,592,000 kwenye binlog_expire_logs_seconds. Unaweza kupunguza, lakini usishuke chini ya muda ulio kati ya bakapu moja na nyingine. Za kuondoa mapema ziondoe kwa PURGE BINARY LOGS, kamwe si kwa rm.