Mtafute Mwayalandi kwa kitongoji chake, si kwa jina lake

Wengi wanaotafuta wazee wao wa Ayalandi huanza na jina, mwaka na kaunti: John Murphy, alizaliwa 1840, Cork. Swali hilo halijibiki. Murphy ndilo jina la ukoo lililoenea kuliko yote Ayalandi, na Cork wamejaa tele, kwa hiyo utaletewa kina John Murphy mpaka uchoke, na hutakuwa na namna ya kujua yupi ni wako. Kinachomtenga mmoja na mwenzake ni mahali, na kaunti peke yake ni pana mno.

Kipande kidogo kabisa cha ardhi katika nyaraka za kule huitwa taunlandi. Kwetu tungekiita kitongoji: eneo la mashamba kadhaa lenye jina lake, na nchi nzima viko zaidi ya 60,000. Juu ya kitongoji ipo parokia ya kiserikali, kisha baroni, kisha kaunti, nazo kaunti ni 32. Pembeni ya mpangilio huo iko parokia ya Kikatoliki, ambayo mara nyingi hailingani na ile ya kiserikali kwa jina wala kwa mipaka, na iko wilaya ya usajili wa vizazi na vifo, ambayo huweza kuvuka mpaka wa kaunti. Ndiyo maana mtu mmoja anaweza kuandikwa mahali patatu tofauti katika karatasi tatu, na zote zikawa sahihi. Majina ya vitongoji nayo hujirudia kutoka kaunti moja hadi nyingine, kwa hiyo kitongoji kiandike daima pamoja na parokia yake.

Jina la kitongoji halipatikani Ayalandi kwanza. Linapatikana kule alikohamia mtu. Familia ya Boston au Manchester iliyochanganya damu na Waayalandi ianze kabatini kwa bibi: kadi za kumbukumbu ya marehemu, barua, nyuma ya picha. Kisha yafuate maandishi ya kaburini, tanzia magazetini, na kitabu cha ndoa cha kanisa, kwa sababu padri alikuwa na desturi ya kuuliza parokia ya asili pale karani wa serikali alipotosheka na neno "Ayalandi". Karatasi za uraia wa Marekani zilizojazwa kabla ya Septemba 1906 mara nyingi hazisemi zaidi ya nchi. Za baadaye hutaja mahali pa kuzaliwa. Kwa waliopitia New York, vitabu vya benki ya Emigrant Savings, iliyoanzishwa 1850, ni hazina: mteja aliulizwa ametoka wapi, wazazi wake ni nani na ndugu zake wako wapi, ili asije mtu mwingine akachukua fedha zake.

Hapa pana mtego. Ukikuta "Queenstown" au "Cork", usishangilie haraka. Queenstown, ambayo leo ni Cobh, ilikuwa bandari, na wengi walitaja walikopandia meli badala ya kwao. Vivyo hivyo usizitafute King's County na Queen's County kwenye ramani ya leo, maana ni Offaly na Laois.

Ukishavuka bahari, jua kwanza kilichoungua. Tarehe 30 Juni 1922, katika vita vya wenyewe kwa wenyewe, jengo la kumbukumbu za umma katika Four Courts mjini Dublin lililipuka na kuteketea. Sensa za 1821, 1831, 1841 na 1851 zilikwenda na moto, vikasalia vipande. Lakini si kila pengo ni la moto ule: karatasi za 1861 na 1871 ziliteketezwa kwa amri ya serikali yenyewe, na za 1881 na 1891 zilisagwa wakati wa Vita vya Kwanza vya Dunia. Za mwanzo kabisa zilizobaki nzima ni za 1901 na 1911, nazo husomwa bure kwenye tovuti ya Kumbukumbu za Taifa za Ayalandi.

Katika sensa hizo mbili umri usiuamini. Sheria ya pensheni ya wazee ilipitishwa 1908, malipo yakaanza Januari 1909 kwa wenye miaka 70, na ghafla watu wakazeeka kwa zaidi ya miaka kumi kati ya 1901 na 1911. Lipo pia la kushukuru. Usajili wa vizazi vya watu wote ulikuwa umeanza Januari 1864 tu, kwa hiyo wazee hao hawakuwa na cheti. Ushahidi wao ukatafutwa katika sensa za 1841 na 1851, ambazo wakati huo zilikuwa bado zipo, na fomu za upekuzi huo zimesalia. Fomu moja huwa na jina la mwombaji, wazazi wake, kitongoji, parokia, baroni na kaunti, na pengine maelezo ya karani kuhusu nani alikutwa nyumbani na kwa umri gani. Mzee wako aliyehamia Chicago hakuomba pensheni ile, lakini dada yake aliyebaki huenda aliomba, na wazazi wao ni walewale. Tafuta kwa majina ya ndugu wote. Wengi huipita rekodi hii bila kuigusa.

Sensa ya 1911 pia iliwauliza wanawake walioolewa wako kwenye ndoa miaka mingapi, wamezaa watoto wangapi hai, na wangapi wangali hai. Ukisoma miaka 22, watoto wanane, watano wako hai, unajua ndoa uitafute karibu na 1889, na kwamba kuna vizazi vinane na vifo vitatu vya kufuatilia katika rejista za serikali. Hizo ni bure kwenye irishgenealogy.ie: vizazi vilivyopita miaka 100, ndoa miaka 75, vifo miaka 50. Kizazi hutoa jina la kwao mama. Ndoa hutoa baba wa pande zote mbili bila mama. Kifo cha zamani hakitaji wazazi kabisa. Mkikuta mtoto amebatizwa kabla ya "kuzaliwa", msikune kichwa. Aliyechelewa kuandikisha alitozwa faini, basi wazazi wakasogeza tarehe mbele. Aminini ya kanisani.

Rejista za Kikatoliki zilizopigwa picha na Maktaba ya Taifa ziko wazi bure tangu Julai 2015, nazo hufika takriban 1880. Aliyewahi kushika cheti cha ubatizo cha misheni za kwetu hatapotea humo: mtoto, wazazi, wasimamizi, padri. Tatizo ni mwandiko na Kilatini. Jacobus ni James, Gulielmus ni William, Eugenius aweza kuwa Owen, Jeremias aweza kuwa Darby. Honora ni Nora. Bridget akifika Marekani huibuka Delia. Herufi O na neno Mac huvuliwa na kuvaliwa kama koti, hivyo Sullivan na O'Sullivan tafuta pamoja. Wasimamizi waandike kila mara. Kwa kawaida ni ndugu wa wazazi.

Kabla ya 1864, tegemeo ni Makadirio ya Griffith, yaliyofanywa kati ya 1847 na 1864 kwa ajili ya kodi. Hayana mke, watoto wala umri. Yana mkazi, aliyempangisha, ukubwa wa shamba na thamani yake. Somo liko kwenye safu ya kwanza kushoto, ambayo watu huiruka. Namba ni ya kiwanja kwenye ramani. Herufi kubwa, A na B, ni vipande vya shamba la mtu mmoja vilivyotengana; herufi ndogo, a na b, ni nyumba. Wanaume wawili wa jina moja la ukoo ndani ya namba moja, mmoja a mwingine b, yaelekea ni baba na mwana au ndugu. Neno kwenye mabano baada ya jina, kama "Red", ni la kumtofautisha na jirani wa jina hilohilo. Baada ya hapo vipo vitabu vya marekebisho ya makadirio hayo: jina likifutwa na mwaka ukaandikwa pembeni, tafuta kifo au safari katika miaka michache iliyotangulia. Vya Ayalandi ya Kaskazini, 1864 hadi 1933, viko bure kwenye tovuti ya PRONI, ofisi ya kumbukumbu za umma ya huko, iliyoko Belfast.

Kuulizia ndugu waliopotea si jambo geni kwa Waayalandi. Gazeti la Boston Pilot lilichapisha matangazo ya kutafutana kuanzia 1831 hadi 1921, na Chuo cha Boston kimeyaweka yasomwe. Tazama yalivyoandikwa: jina, kitongoji au parokia, kaunti, mwaka wa kuondoka, mahali alipoonekana mara ya mwisho, na nani anauliza. Andika ulizo lako hivyohivyo, uongeze dini, mwenzi, wasimamizi wa ubatizo, tahajia nyingine za jina, na rekodi ambazo umeshapekua, kwa miaka. Hiyo ya mwisho ndiyo humfanya mtu ajibu, maana hakuna anayependa kutumwa mahali ulikokwisha kwenda. Watu walio hai usiwataje.

Kwa ubatizo wa baada ya 1880 mwandikie paroko, kwa swali moja la mtu mmoja, pamoja na sadaka kidogo, na umwombe akutazamie ukingo wa ukurasa. Tangu 1908 ndoa ya mtu ilitakiwa kuandikwa pale kwenye ubatizo wake, hata kama aliolewa New York.