Roboti ya kutuliza watoto kliniki ya meno: ipewe kazi gani, ikae wapi, iseme nini

Daktari, umeuliza kama kliniki yako ya watoto hapa Nairobi inunue roboti ya kuwatuliza wakati wa kuziba na kung'oa meno, na itumike vipi. Nunua, lakini ipe kazi katika zile dakika chache zinazomtisha mtoto zaidi, yaani kukaa kwenye kiti na kudungwa ganzi, kisha inyamaze. Ikiachwa icheze na kuongea tangu mapokezi, mtoto ataizoea kabla sindano haijatoka kwenye trei, na utakapomhitaji aitazame hataitazama.

Inayotajwa sana ni NAO, roboti ya umbo la mtu kutoka Ufaransa: urefu sm 58, uzito zaidi ya kilo 5, betri ya saa moja hadi saa moja na nusu. Bei yake ni maelfu ya dola. Kampuni iliyoiunda, Aldebaran, ilifilisika mwaka 2025, kwa hivyo kabla ya kutoa pesa uliza ni nani atakuuzia betri na nani ataitengeneza kiungo kikivunjika. Kwa kliniki ndogo, roboti yoyote ya mezani inayogeuza kichwa, kuinua mikono na kucheza sauti uliyorekodi inatosha.

Sauti rekodi mwenyewe, maana NAO haikuja na Kiswahili. Tafuta mtu anayeongea kama watoto wa mtaani kwenu wanavyoongea. Kiswahili cha taarifa ya habari humfanya mtoto ahisi yuko darasani. Usitegemee roboti isikie na kujibu yenyewe. Mrija wa kufyonza mate ukianza, haisikii kitu, inajibu mambo yasiyoulizwa, na mtoto anapotea. Mtu mmoja abonyeze vipande vya sauti kwenye tableti, na asiwe yule anayeshika mrija.

Mahali pa kuiweka ndipo wengi hukosea. Ikiwa kando ya kiti, mtoto hugeuza kichwa kuifuata huku sindano iko mdomoni, na hiyo ni hatari. Iweke kwenye toroli upande wa miguu, juu kidogo ya magoti ya mtoto akiwa amelala, ili aione bila kusogeza shingo. Isisimame. Ikae, kwa sababu mota za miguu za NAO hupata joto ikisimama muda mrefu, na ikianguka kwenye vigae mtoto atalia kwa ajili yake.

Maneno yafuate njia ya daktari wa meno Addelston ya mwaka 1959: mwambie, mwonyeshe, kisha fanya. Roboti inaambia, daktari anaonyesha na kufanya. Jeli ya ganzi inahitaji dakika 1 hadi 2 kwenye ufizi uliokaushwa, na katriji (kichupa cha dawa ya ganzi) ya ml 1.8 ikidungwa polepole, ml 1 kwa dakika, ni karibu dakika 2. Kwa hivyo andaa kipande cha sauti cha wakati wa jeli na kingine cha wakati wa mdungo, kila kimoja cha dakika 2, na vipande vifupi vya sekunde 5 vya kusubiri mkono wa daktari ukichelewa. Bila hivyo roboti itasema yamekwisha wakati sindano bado iko ndani, na mtoto atajua amedanganywa.

Wakati wa mdungo isiulize swali la kujibiwa kwa mdomo, na isichekeshe. Mtoto akicheka anatikisika. Mwambie apumue kwa pua na achezeshe vidole vya miguu: "Kidole kikubwa kwanza. Sasa vyote. Utaskia kama kufinywa kidogo, endelea kuchezesha." Usiahidi kwamba hatasikia chochote. Mpe pia ishara ya kuinua mkono wa kushoto ili daktari asitishe kazi, na daktari asitishe kweli, hata mara ya kwanza inapojaribiwa tu. Mdungo ukiisha, roboti imkumbushe asiume mdomo, kwa kuwa midomo hubaki na ganzi saa 2 au 3 na watoto huitafuna bila kujua.

Walio chini ya miaka 3 au 4 wengi huogopa kitu kinachojiendesha. Waonyeshe ikiwa imezimwa kwanza. Mtoto mwenye usonji, muulize mzazi kuhusu sauti na taa kabla. Na mtoto aliyevimba shavu kwa jipu la jino hatatulizwa na roboti yoyote. Huyo anahitaji maumivu yake yashughulikiwe.

Kupima kama inasaidia, tumia kipimo cha Frankl, kinachopanga tabia ya mtoto kwenye kiti katika ngazi 4 kuanzia anayekataa kabisa hadi anayeshirikiana vizuri, pamoja na mapigo ya moyo yanayopimwa kidoleni: akiingia, wakati wa mdungo, akitoka. Linganisha na watoto wa umri huohuo waliotibiwa bila roboti.

Usafi: viungo vyake vina nyufa, kwa hivyo usiipulizie dawa moja kwa moja. Ifute kwa kitambaa chenye alkoholi ya asilimia 70 kila mtoto akitoka, na iondoe chumbani kabla drili inayorusha maji kuanza, kwa sababu matone madogo ya mate hufika mbali. Chaji kila inapopumzika. Stima ikipotea katikati ya mdungo, betri ndiyo itakayokuokoa. NAO ina kamera na maikrofoni, na Sheria ya Ulinzi wa Data ya mwaka 2019 inataka mzazi au mlezi akubali kabla data ya mtoto haijachukuliwa. Kama huhitaji kurekodi, zima kurekodi, na umwambie mzazi hivyo kabla mtoto hajaketi.