Mwanangu, kuhusu yule mzee wa duka na achari yako

Mwanangu mpenzi,

Waalaikum salaam. Voisnoti zako nimezisikiza zote, ile ndefu nimeirudia manake babako alikuwa ameweka taarifa ya habari kwa sauti ya kuamsha jirani. Nimefurahi hita imetengenezwa na nimefurahi zaidi kusikia maembe mabichi hapo Belgrave Road, huko Leicester Uingereza, yapo, mimi nilidhani utahangaika nayo.

Sasa umeniuliza, yule mzee wa duka umpe achari kwa mali kauli, akishauza ndo akulipe, ama ungoje akupe pesa mkononi. Nitakujibu, lakini kwanza nami nikuulize: hizo chupa zitakaa kwa rafu na jina la nani? Manake hilo ulilitaja ukalipita mbio, ati anataka kubandika lebo ya duka lake. Mimi hapo ndo niliposimamisha simu nikakaa.

Wakumbuka zile chupa zilizokuwa zikijaa ngazini kwetu Kibokoni, Mombasa, mpaka babako anapanda kwa ubavu. Nyingi zilikuwa za lile duka la karibu na Marikiti, silitaji, walijua. Na pesa alikuwa akilipa yule bwana, nisimsingizie, kila mwisho wa mwezi bila kunizungusha. Lakini chupa zilikuwa zikitoka kwangu tupu hazina hata karatasi, yeye ndo anabandika yake.

Basi ile harusi ya binti wa shangazi yako, tumekaa wanawake kwenye mkeka, sinia la pilau katikati, mama mmoja akachovya kidole kwenye achari ya ndimu akaramba akafumba macho. Akasema hii ni ya duka la fulani, hakuna mji huu anaeweza kutia achari kama wale, wana mpishi wao wamemtoa Lamu. Wallahi mwanangu, mpishi wa Lamu! Na mimi nimekaa hapo hapo, vidole vyangu bado vya manjano kwa bizari, ndimu zile nimezipasua mimi nikazitia chumvi mimi, nikawa napanda nazo juu darini kaskazi yote kuzigeuza juani na kuzishusha jioni zisipate umande. Nikafungua mdomo niseme, nyanyako akanifinya paja. Nikanyamaza, nikala pilau halikupita.

Kesho yake nikenda dukani nikamwomba aandike jina langu, hata kwa herufi ndogo chini. Akacheka. Akasema wateja wangu wananunua duka, hawakununui wewe. Hilo neno mpaka leo nikilikumbuka nasikia joto masikioni. Na alipouza duka akahama, mwenye duka mpya akaleta achari zake za kiwandani, watu wakawa wanalalamika achari ya pale imeharibika siku hizi, na hakuna hata mmoja aliejua aje kubisha mlango gani. Nikaanza upya kwa majirani kama mgeni, katika mji niliozaliwa.

Kwa hivyo mimi nasema na nitasema tena, kitu chako kitembee na jina lako.

Lakini pia nisikudanganye, lile duka ndo lililolipa karo yako ya sekondari na ya kakako, bila lile sijui tungefanyaje. Na mimi nilikuwa kwetu, nina mamangu, nina majirani. Wewe uko Leicester wiki hii ndo kwanza unafungua maboksi, bado hujui hata basi la kwenda mjini lasimama wapi, na kodi ya nyumba haikungoji ujulikane. Mtu akikufungulia rafu wakati kama huo si jambo dogo. Nalijua hilo. Halafu nakumbuka yule mama na kidole chake, narudi pale pale.

Na huko naona mambo yenyewe yameandikwa kwa jina. Umesema kaunsili umejiandikisha bure, na ni lazima iwe siku 28 kabla hujaanza kuuza, na jikoni kwako ndo watakuja kukagua. Na kwenye lebo lazima viungo vyote vitajwe, na vile vitu 14 vinavodhuru watu, vikiwemo ndani, vionekane wazi kabisa, kama kwa wino mzito, na haradali ni kimojawapo. Achari yetu bila haradali ni nini? Basi mkaguzi akija aje kwako, haradali uisage wewe, halafu sifa ziende kwa mwengine?

Lakini huyu mzee si yule wa kwetu, hilo nalo nalipima. Umesema alizaliwa Kampala, akafika huko 1972 Amin alipowafukuza, na lile duka waliloliacha lilikuwa na jina la babake juu ya mlango. Na Kiswahili bado anacho. Mtu kama huyo kaa nae kwa chai umwambie hii achari ni ya nyanya yangu na ya mamangu, lebo ya duka lako sawa lakini nataka na jina letu liwepo. Akikataa angalau umesikia kwa mdomo wake.

Nimpe nisimpe, ndo ulilouliza. Ulimi unaniwasha mwanangu, jibu ninalo hapa, babako asema nisiliandike kwa sababu jiko ni lako na chupa ni zako. Haya, siliandiki. Ila kabla hujapeleka lebo kwa mchapaji nitumie picha kwa WhatsApp, nizisome herufi zote, na mwambie mkweo shukrani kwa yale mablanketi.

Mamako