Gari linakula maji? Usikubali hedi ishushwe kabla ya kupima presha

Gari likianza kula maji, yaani maji ya rejeta yanapungua kila mara, neno la kwanza utakalosikia gereji nyingi ni "gasketi", ule utando unaoziba kati ya hedi na bloku. Hedi, kifuniko cha juu cha injini, inashushwa, inapelekwa kuchongwa, fedha zinakwenda, na baada ya wiki chache maji yanapungua tena. Nimeyaona haya kwa ndugu na majirani kwa miaka mingi, karibu wote wakiwa na Toyota zilizotumika kutoka Japani. Kwa hiyo naomba jambo moja: kabla ya spana yoyote, dai mfumo wa maji upimwe kwa presha, injini ikiwa imepoa kabisa.

Sababu ya kusisitiza "imepoa" ni hii. Injini ikiwa ya moto, tone linalopenya kwenye ufa mdogo hukauka hapo hapo, halifiki chini. Unachungulia uvunguni, pakavu, fundi anasema maji yanaungua ndani. Sasa chukua pampu ya mkono ya kupimia rejeta, ifunge mahali pa mfuniko, pandisha presha hadi namba iliyoandikwa juu ya mfuniko wenyewe. Toyota nyingi ni 0.9 au 1.1, karibu sawa na bar. Usizidishe. Maji yatasukumwa bila joto, na patakapovuja patabaki na unyevu unaoonekana. Subiri kama robo saa, ukiitazama sindano ya geji ya pampu. Gereji nyingi hazina pampu hiyo, lakini ipo kwenye maduka ya vifaa vya mafundi, na fundi anayeithamini kazi yake anaweza kuiazima.

Sindano isiposhuka kabisa, shuku mfuniko. Watu wanaudharau kwa sababu ni kitu kidogo, kumbe ndio unaoshikilia presha inayozuia maji kuchemka. Ukiwa mzima, maji ya ndani hayachemki hadi karibu nyuzi 120. Ukilegea springi au ukipasuka mpira, yatachemka karibu na 100 ukiwa Dar, na chini ya hapo ukipanda juu: Mbeya, kwenye mita kama 1,700, maji ya sufuriani huchemka karibu nyuzi 94. Ndiyo maana gari linatulia vizuri Kariakoo halafu linachemsha likikwea mlima Kitonga. Dalili ya mfuniko mbovu ni tenki la akiba kujaa huku rejeta yenyewe imepungua: maji yametoka kwenda akiba na yameshindwa kurudi.

Sindano ikishuka, tafuta kwa tochi na kioo kidogo. Kulanti, yale maji ya rangi ya rejeta, ikikauka huacha ukoko wa rangi yake, wa waridi, kijani, au mweupe, hata kama maji hayaonekani. Angalia maungio ya tangi la plastiki la rejeta, hasa kama plastiki imegeuka kahawia; ncha za mipira chini ya klampu; kitobo kidogo chini ya wota pampu, ambacho kimewekwa makusudi ili sili ikichoka maji yaonekane. Kapeti la abiria wa mbele likiwa na utelezi na harufu tamu, hita ya ndani imetoboka. Ila maji safi yanayodondoka chini ukizima gari lenye AC hayana neno, ni jasho la AC.

Sehemu moja inanisumbua zaidi, kwa sababu wengi wanayo na hawaijui: nyuma ya injini ya 2AZ-FE, ile ya 2.4 iliyomo kwenye Harrier, Alphard, Ipsum na baadhi ya RAV4 za miaka ya 2000. Bloku yake, yaani mwili wa injini chini ya hedi, ni ya aluminiamu, na nyuzi za bolti za hedi upande wa nyuma hung'oka. Hedi inanyanyuka kidogo sana, maji yanapenya upande wa ukuta wa kabini, mahali jicho halifiki. Harrier ya shemeji yangu ilikuwa hivyo. Ilikuwa imeshabadilishwa gasketi, lakini bolti zilirudishwa kwenye nyuzi zile zile zilizochakaa. Kwa pampu na kioo tuliona mstari wa waridi ukishuka nyuma ya bloku. Dawa yake ni kutoboa upya matundu hayo na kuweka vikombe vya chuma vyenye nyuzi mpya, ndipo gasketi mpya ifuate. Gasketi peke yake haitoshi.

Kama sindano inashuka na nje ni pakavu kabisa, hapo ndipo uingie ndani. Fungua plagi: iliyo safi kupita wenzake imekuwa ikioshwa na mvuke. Washa injini ikiwa baridi. Mpira wa juu wa rejeta ukiwa mgumu ndani ya dakika moja au mbili, kabla injini haijapata moto, ni gesi ya silinda inayoingia kwenye maji. Kuna pia dawa ya bluu ya kupima mvuke wa rejeta, hugeuka njano ikikutana na gesi hiyo. Oili yenye rangi ya chai ya maziwa kwenye stiki, usiwashe tena hilo gari.

Mambo mawili siyakubali kabisa. La kwanza ni kung'oa thamostati, vali inayoyazuia maji hadi injini ipate moto, "ili gari lipoe", maana uvujaji unabaki pale pale na injini inafanya kazi bila kufikia joto lake. La pili ni kujaza maji ya kisima. Mengi ya Dar yana chumvi, nayo hula aluminiamu na kuziba rejeta. Njiani ukikwama, weka maji yoyote ufike, kisha yamwage yote. Na usiuamini mshale wa joto pekee: maji yakiisha kabisa, sensa inabaki hewani na mshale unaweza kushuka wakati injini inaungua.

Baada ya matengenezo, toa hewa. Inua pua ya gari, weka hita kwenye moto wa mwisho, jaza taratibu huku ukibinya mpira wa juu hadi mapovu yaishe. Acha ipoe usiku kucha, asubuhi fungua mfuniko uangalie, kisha chora mstari kwa kalamu kwenye tenki la akiba. Kulanti uliyoimwaga usiiache kwenye beseni uani. Ni tamu, ina sumu, na mbwa na watoto huionja.