Ramani ya zamani na simu havikubaliani porini: anza na datamu

Mkuu, umeuliza kwa nini kijito ulichokiona kwenye ramani ya 1:50,000 ya milima ya Udzungwa hukukikuta pale simu ilipokwambia umefika. Usiitupe ramani. Soma maandishi ya pembezoni: ramani zetu nyingi za zamani zimechorwa kwa datamu, yaani msingi wa kupimia mahali duniani, ya Arc 1960; simu yako inatumia nyingine, WGS 84. Ukiingiza namba za gridi, yaani za mahali ulizosoma kwenye miraba ya ramani, bila kubadilisha datamu, utaangukia kama mita 300 kaskazini ya mahali penyewe.

Mimi yalinikuta nikiwa msaidizi wa wapima, upande wa magharibi wa milima hiyohiyo. Namba za kambi niliziingiza mwenyewe. Jioni GPS ikasema tumefika, nasi tuko juu ya mgongo mkavu, mianzi mitupu, maji tunayasikia yakivuma bondeni, kusini. Mita 300 mjini ni kwenda dukani. Kule ilituchukua saa moja na nusu ya kufyeka kwa panga, giza limeshaingia, na wabeba mizigo hawajanywa tangu mchana. Kiongozi wetu hakunigombeza. Alifungua menyu, akabadilisha datamu, akanipa kifaa nijionee namba zinavyohama. Siku hizi sianzi safari kabla sijahakiki kwenye kitu kinachoonekana ardhini na kwenye ramani pia: daraja, bikoni (alama ya wapima ardhi), makutano ya mito.

Halafu kuna kontua, ile mistari ya ramani inayoonyesha kimo cha ardhi. Msituni zisome kwa tahadhari. Zilichorwa kutokana na picha za anga, na picha inaona vilele vya miti, haioni udongo. Hata rada ya mwaka 2000 iliyopima dunia kutoka chombo cha anga cha Endeavour iligota kwenye majani. Miti ya korongoni hurefuka kufuata mwanga, basi korongo huonekana la kina kifupi kuliko lilivyo. Tena mistari ikipishana kwa mita 20, genge la mita 15 linaweza kujificha katikati yake usilione kabisa.

Hilo hutalijua ofisini. Tafuta mzee aliyewahi kurina asali huko. Wetu aliweka kidole kwenye kijito kimoja cha ramani, akatuambia kina majina mawili, la juu ya maporomoko na la chini yake. Ramani haikuwa na maporomoko hayo. Tuliyaandika kwa penseli, na kesho yake tukapita kwa kuzunguka.