Jibu: Mchumba wangu Mmormoni alikataa chai ya mama

Dada wa Temeke, nimekuelewa: mchumba wako, muumini wa Kanisa la Yesu Kristo la Watakatifu wa Siku za Mwisho, alikataa chai ya mama yako, hakubali mtembee Jumapili, na sasa shangazi zako wanadai ataongeza wake. Hilo la wake liondoe kwanza, kwa kuwa kanisa hilo lilitangaza kuacha ndoa za wake wengi mwaka 1890, na leo anayeoa wake wawili hawezi kubaki mwanachama.

Chai ni jambo jepesi. Wanakatazwa majani ya chai, kahawa, pombe na tumbaku. Mdogo wangu ameolewa na muumini, nasi humwandalia shemeji birika la mchaichai na tangawizi, naye hunywa pamoja na wakwe zake bila shida. Kijana mwenyewe amweleze mama, kwa heshima.

Suala zito ni ndoa. Anaruhusiwa kukuoa ukiwa wa dini nyingine, lakini kuunganishwa milele hekaluni, kama lile la Nairobi lililowekwa wakfu mwaka 2025, huhitaji nyote wawili muwe waumini. Kabla ya mahari, muulize kwa dhati kama ataridhika bila hilo, watoto watalelewa katika imani ipi, na mtapangaje matumizi baada ya zaka ya asilimia 10. Usibatizwe kwa ajili ya harusi tu. Nyumbani wakianza kukutisha au kukupiga, mwone afisa ustawi wa jamii wa kata yenu.