Kwetu mgonjwa wa magari ni mimi, mume hana habari: nilivyoacha kumlazimisha

Mleta mada, nimelisoma swali lako mara mbili. Unasema unapenda magari tangu utotoni, mchumba wako ukimtajia injini anapiga miayo, ukaona umtie moyo kwa kumnunulia usukani wa kimichezo siku yake ya kuzaliwa, na sasa amenuna wiki nzima. Unauliza ufanye nini na yeye apende. Wakuu walionitangulia wamegawanyika: wengine wanakwambia umzoeshe taratibu, wengine wanakwambia utafute mwenye ugonjwa kama wako. Njia zote mbili nimezipita, na zote zimenila, kwa hiyo mnivumilie nikiandika kwa kirefu.

Kwanza niwatoe gizani. Mimi ni mwanamke, na mgonjwa wa magari kwenye nyumba yetu ni mimi. Gari langu ni Volkswagen Beetle ya zamani, ile ya injini nyuma. Mara ya kwanza mume wangu kuifungua boneti ya mbele alikuta tairi la spea na tangi la mafuta, akanigeukia akaniuliza kwa upole kama injini imeibiwa. Hakuwa anatania.

Sasa hilo la kutafuta mgonjwa mwenzako. Kabla ya huyu nilikuwa na mtu ambaye tulipendana kwa sababu ya magari tu. Mwanzo raha tupu, maongezi hayaishi. Baada ya mwaka lake lilikuwa juu ya mawe halina gia boksi, langu limekaa kwenye stendi linasubiri silinda hedi. Tulikuwa na magari mawili na hatukuwa na usafiri. Spana yangu namba 10 (mnaijua, ile inayopotea kila gereji) ilikuwa inahamia kwenye boksi lake kimyakimya. Nikikaza nati, yeye anapita nyuma yangu anaikaza tena. Hilo la nati ndilo lililotuachanisha, si jingine.

Mtu ataniambia mbona Pat Moss na Erik Carlsson, wale madereva wa mbio za rali, waliwezana. Kweli, waliwezana. Pat alishinda mbio za Liège–Roma–Liège mwaka 1960 akiendesha Austin-Healey, Erik akashinda Monte Carlo 1962 na 1963 kwa Saab, na mwaka huohuo wa 1963 wakaoana. Lakini wale walikuwa na timu za mafundi. Hakuna aliyekuwa akigombania jeki moja na mwenzake usiku wa manane.

Basi nikaolewa na mtu wa vitabu, nikaamua nitamzoesha taratibu. Ule mwaka wa kwanza naukumbuka kwa aibu. Nilimpeleka kwenye mbio, akakaa vidole masikioni, mchana akatoa kitabu akasoma hadi tukaondoka. Barabarani nilikuwa kama redio: lile pale lina turbo, hili hapa magurudumu yote manne yanavuta, sikiliza eksozi hiyo. Anaitika "mmh". Nikadhani "mmh" ni maendeleo. Baadaye sana aliniambia kwamba kwenye safari ndefu alikuwa anajifanya kasinzia ili ninyamaze.

Kosa kubwa zaidi lilikuwa kumfundisha kuendesha gia za mkono. Wakuu, msithubutu. Ukimpenda mtu, mlipie mwalimu. Mimi nilikuwa nakaa pembeni yake nikisikia klachi yangu inaungua, najizuia kusema, halafu uso unasema wenyewe. Siku moja gari lilizimika kwenye mwinuko mara tatu, nyuma foleni ya watu wenye honi, nikamwambia, "Ni kitu rahisi tu hiki." Akavuta breki ya mkono, akatoa ufunguo, akaniwekea mapajani, akashuka akaenda nyumbani kwa miguu. Neno "rahisi" kwa mtu anayehangaika ni tusi, na mimi nilikuwa nimelitukana tusi hilo mara kumi siku ile. Alikwenda akajifunza kwa mwalimu wa kulipwa, mtu mzima mmoja mpole. Leo kwenye mwinuko anaondoka na breki ya mkono laini kuliko mimi.

Kilichobadilisha mambo hata sikukipanga. Nilikuwa nimefungua breki za nyuma, nikabadilisha silinda ndogo za magurudumu, ikabaki kutoa hewa iliyoingia kwenye mirija ya breki. Mtoa hewa hana budi kuwa na mwenzake, hasa kama hana kile kifaa cha kuvuta. Mmoja anakaa kwenye usukani anakanyaga pedali, mwingine amelala chini anafungua na kufunga kinati cha kutolea hewa. Jirani ninayemwitaga hakuwepo. Nikamwomba mume wangu mguu wake tu, basi.

Akakaa ndani, mimi chini gurudumu la nyuma, mrija wa plastiki umechomekwa kwenye kinati, ncha ya pili imezama kwenye chupa yenye mafuta ya breki kidogo. Hatuonani. Kinachotuunganisha ni sauti.

"Kanyaga."

"Nimekanyaga."

Nafungua robo mzunguko, mafuta yanapita na vipovu kama soda, nafunga.

"Achia."

"Nimeachia."

Kama anayekanyaga akiachia kabla kinati hakijafungwa, hewa inarudi ndani na kazi yote inaanza upya. Mara ya nne simu yake ililia, mguu ukaruka. Nikaona vipovu vinapanda mrija kurudi vilikotoka. Zamani ningepiga kelele. Sijui ni uchovu au nini, nikasema tu, "Imerudi hewa, tunaanza tena." Kimya. Halafu nikasikia mlango unafunguliwa, simu inawekwa juu ya paa, mlango unafungwa. "Haya, niambie."

Tulipomaliza gurudumu lile akauliza, "Kwa nini umeanza na hili la mbali?" Lilikuwa swali lake la kwanza kuhusu gari tangu tuoane. Nikamweleza kwamba kwenye mfumo kama wetu unaanza na gurudumu lenye mrija mrefu kutoka masta silinda (ile pampu kuu ya breki), unasogea kuja karibu. Akauliza mafuta ya zamani yana ubaya gani mbona yanaonekana mazima. Nikamwambia yanavuta unyevu polepole: DOT 4, aina ya mafuta ya breki tunayotumia, ikiwa mpya haichemki chini ya nyuzi 230, ila ikishanyonya maji kiwango kinaweza kushuka hadi 155 hivi, na ukiwa unashuka mlima mrefu breki zimepata moto, mafuta yakichemka yanatoa mvuke, mguu unazama hadi sakafuni. Alinyamaza kidogo. "Kwa hiyo hapa nilikuwa nashika roho zetu." Nikasema ndiyo, mguu wako ndio ulikuwa unashika.

Nimelirudia tukio hilo kichwani mara nyingi. Miaka miwili nilikuwa nikimpa kazi ya kushangilia. Nilitaka mtazamaji wa vitu vyangu, na hakuna mtu mzima anayefurahia kukaa jukwaani maisha yake yote akimpigia mwenzake makofi. Siku ile ya breki alikuwa na kazi ambayo bila yeye gari halitembei, na hakulazimika kupenda chochote ili aifanye.

Tangu hapo nikaacha kumhubiria. Ajabu, ndipo yeye alipoanza kuleta vyake, na vyake havifanani na vyangu hata kidogo. Yeye anapenda habari za watu. Jioni moja akaja na kisa cha Bertha Benz, mimi mwenyewe mwenye kujifanya najua nilikuwa najua jina tu. Agosti 1888 mama huyo alilichukua gari alilolibuni mumewe Karl bila kumuaga, akawapakia wanawe wawili, Eugen na Richard, wakatoka Mannheim kwenda Pforzheim kwa mama yake, kilomita mia moja na kidogo, wakati hakuna mtu aliyewahi kusafiri umbali huo kwa gari. Mrija wa mafuta ukaziba, akauzibua kwa pini ya kofia yake. Waya ukachubuka, akaufunika kwa ukanda wa soksi. Mafuta akayanunua kwa mfamasia mjini Wiesloch, na breki za mbao zilipolika akamtafuta fundi viatu azipigilie ngozi. Na fedha alizopewa na wazazi wake za kuolewa ndizo zilizokuwa zimeokoa karakana ya Karl hapo awali.

"Karl alikuwa wapi muda wote huo?" nikauliza.

"Amelala. Basi mimi ndiye Karl, niache nilale."

Kitu cha pili alichojichukulia ni daftari. Sikumwomba. Alinunua daftari gumu akaliweka kwenye mfuko wa mlango, kila tukijaza mafuta anaandika tarehe, kilomita na lita. Nikamcheka. Miezi kadhaa baadaye ananiambia, "Gari lako linakunywa. Lilikuwa lita 9 kwa kilomita 100, sasa ni 12." Nikabisha. Nilikuwa nimesafisha kabureta kwa mikono yangu, linasikika vizuri, na mimi ndiye fundi hapa. Akaniwekea daftari mbele, safu yote, hakusema neno. Nikaenda kuchomoa plagi moja: nyeusi tititi, masizi unayafuta kwa kidole. Nikafungua juu ya kabureta, nikakuta choki, kile kifuniko kinachobana hewa injini ikiwa baridi, imebaki nusu imefungwa hata injini ikiwa ya moto. Kijiwaya kinachoipasha moto ili ifunguke kilikuwa kimechomoka, kinaning'inia. Kukirudisha hakukuchukua hata dakika. Mtu asiyejua choki ni nini alikuwa ameugundua ugonjwa wake akiwa kwenye kiti cha abiria na kalamu.

Hapo nilimeza kiburi, maana ningeweza kunyamaza nikarekebisha nikasema lilikuwa jambo dogo. Nilimwita nikamwonyesha, nikamwambia umenishinda. Mleta mada, ukitaka mwenzako arudi tena gereji, siku anapokuwa sahihi mwambie kwa sauti. Siku hizi daftari ndilo linalotuamuru. Likifika kilomita 5,000 ananikumbusha kupima nafasi za valvu, asubuhi injini ikiwa baridi, yeye anazungusha puli taratibu, mimi chini na kipimo cha milimita 0.15. Haongei sana kazini. Anasoma namba ya silinda, nasema tayari, anazungusha.

Kuhusu fedha sitarefusha, ila lazima niseme, kwa kuwa nimeona mtu hapo juu anashauri kuficha risiti. Mimi nilificha. Kabureta ya pili ilikaa chini ya kitanda miezi miwili, na nilipoulizwa bei nikataja nusu. Aligundua, na hakugombana nami kuhusu kabureta. Aliuliza, "Nusu nyingine ya mambo unayoniambia iko wapi?" Lile swali lilinichukua muda kulifuta. Sasa gari lina fungu lake, likiisha limeisha, na yeye ana fungu lake la vitabu sawa na langu. Hakuna anayeulizwa.

Na yapo ambayo hatukushirikiana wala hatutashirikiana. Harufu ya petroli inamtia kichefuchefu. Mbio haendi, naenda na rafiki zangu. Asubuhi za Jumamosi ni zangu na gari, mchana ni wetu, na mchana huo sitaji gari mpaka yeye alitaje. Zamani ningeona hilo ni kushindwa. Sasa naona ni afadhali, ana nafasi ya kunikosa kidogo.

Kwa hiyo tuje kwako. Ule usukani, mdogo wangu, ulijinunulia mwenyewe, ukaufunga karatasi ya zawadi. Kama boksi bado lipo urudishe, umnunulie alichokuwa anakitaka, na usimwambie umejifunza somo gani. Halafu kaa mwezi mzima bila kumwonyesha video hata moja ya gari. Wakati huo angalia yeye mwenyewe anagusa nini mkiwa safarini. Kuna anayechagua njia, kuna anayesikia mlio kabla yako, kuna anayependa kuosha na kung'arisha kwa sababu anaona matokeo, kuna anayependa dirisha wazi na muziki na hataki kujua lingine. Ukishakiona hicho, kiache mikononi mwake, hata akikifanya tofauti na unavyotaka. Mume wangu anaandika kilomita kwa wino wa kijani. Mimi siupendi kabisa. Sijasema kitu.

Na kama una breki za kutoa hewa, mwombe mguu. Mwambie simu aiache nje.